Hapa Hatuzungumzi Siasa

Msyuuu! Leo nasonya waziwazi, mwenye kusikia na asikie.

Pale kijiweni kwetu Kilwa Masoko, bodaboda zinapoegeshwa na mzee wa kahawa anapotua birika na kapu lake la kashata, ipo sheria ambayo haijaandikwa popote na hakuna anayeivunja. Utazungumza bei ya pweza. Utazungumza ndoa ya jirani, talaka yake na eda yake. Utamsema hata imamu kama kairefusha tarawehe. Lakini mtaje mwenyekiti, mtaje diwani, mbunge au chama, na kabla hujamaliza kauli utasikia sauti kutoka kwenye drafti: "Aa-aa, mjomba, hapa hatuzungumzi siasa." Vichwa vinaitikia. Mmoja anauliza Yanga wanacheza na nani Jumamosi, na gumzo linarudi kwa kishindo.

Kuna kijana wa bodaboda, mtoto mwenye adabu zake, alikuwa akisimulia Kimbunga Hidaya cha Mei 2024: maji yalivyozoa makalavati upande wa Somanga, barabara ya Dar es Salaam ikakatika, magari yakalala njiani na nyanya zikaozea kwenye matenga. Kila mtu alikuwa na lake la kuongeza. Kisha kijana akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sasa wazee wangu, hizi barabara zetu za ndani, nani anaamua ipi itengenezwe na ipi isubiri?" Swali la kitoto hilo, swali la haki. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hayo mambo ya siasa, tuyaache." Kijana akasema "Samahani, babu," akawasha pikipiki.

Samahani ya nini? Nauliza tena, samahani ya nini?

Maana si kwamba hapa watu hawana la kusema. Mwambao huu una watu wenye hesabu kali kichwani. Mkulima wa ufuta wa Nanjirinji atakueleza, bila karatasi, ghala limekata kiasi gani, chama cha msingi kimekata kiasi gani, halmashauri imechukua ngapi, gunia ngapi, na mwisho wa yote kilo moja imemfikia mkononi kwa shilingi ngapi. Mvuvi anajua leseni ya chombo, leseni yake mwenyewe, na ushuru wa samaki anapotia pwani. Mama anayekaanga samaki jioni anajua risiti ya asubuhi na risiti ya jioni. Wote hawa wanajua kukatwa. Ukiwauliza nani alikaa akapanga makato hayo, na lini watamwona ili wamuulize, hapo ndipo wanapoangalia pembeni.

Chukueni korosho. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria: ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, iliyokuwa ikirudi kuhudumia zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Hiyo ni fedha iliyokuwa ikinunua salfa na miche ya watu wa Lindi na Mtwara. Oktoba ya mwaka huohuo wanunuzi wakaleta bei za chini mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Bei ilipotangazwa, vigelegele. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba ili kuwabana watu wa kangomba, yaani walanguzi wa korosho, na mkulima wa kweli naye akakaa foleni ya kusubiri fedha zake, wengine hadi mwaka uliofuata. Nakumbuka vijiwe vya miezi ile. Tulizungumza bei mpaka koo zikakauka, na malori, na kangomba. Lakini sheria ya Juni, ile iliyogusa mfuko wa zao lenyewe, ilipita juu ya vichwa vyetu kwa sababu kuitaja kulikuwa "siasa". Wabunge wa kusini waliisemea bungeni Dodoma. Huku nyumbani, kwenye mizizi ya mkorosho wenyewe, tukanong'ona.

Kunong'ona si kugeni hapa, na kuna wakati kulifanya kazi kubwa. Hawa Wamatumbi wa vilima vya nyuma yetu, mwaka 1905, walieneza habari za maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kwa mnong'ono walioupa jina la njwiywila, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, mpaka Julai wakang'oa pamba ya serikali pale Nandete na Mjerumani akashtuka usingizini. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti mwaka huo. Na miaka kumi kabla yake, Novemba 1895, Hassan bin Omari Makunganya, naye mpinzani wa Mjerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje. Mpaka leo Kivinje kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, na mtoto wa shule anapita hapo akienda darasani. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watu wa Kilwa ni wapole kwa asili na siasa haimo damuni mwao. Watu hawa walibishana na dola yenye bunduki wakati wao wana maji kwenye kibuyu. Lakini wajukuu wao waliurithi mnong'ono, sababu yake wakaiacha makaburini.

Sikatai kwamba mengine yalitufunza kunyamaza baadaye. TANU ikawa chama pekee kisheria 1965, na balozi wa nyumba kumi akakaa kwenye kizingiti cha kila mtu. Balozi alikuwa mtu mwema mara nyingi, alisuluhisha ugomvi wa mbuzi na wa mume na mke, lakini alikuwa chama na serikali kwa mdomo mmoja. Ukimlalamikia serikali, umemlalamikia yeye, na kesho utamwomba barua. Watu wakajifunza kuongea na balozi kwa namna na kuongea na mke kitandani kwa namna nyingine. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi 1991 kuuliza kama tunataka vyama vingi, takriban watu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kinatosha. Mageuzi yakaja 1992 hata hivyo, tukapewa vyama, lakini namna ya kukaa mezani na mtu wa chama kingine hatukuoneshwa. Zoezi hilo tuliachiwa wenyewe, na hatukulifanya.

Sasa tazameni jambo hili. Kijiweni watu kimya, lakini sanduku la kura lilipofunguliwa 2010, Kilwa Kusini ilimpeleka bungeni Selemani Bungara wa CUF, yule wanayemwita Bwege, na Lindi Mjini ikampeleka Salum Barwany wa CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge katika nchi hii. Mwaka 2015 Bungara akarudi, na Kilwa Kaskazini nayo ikaenda CUF. Watu waliofanya hayo ndio haohao wanaosema hapa hatuzungumzi siasa. Kumbe walikuwa wakifikiri muda wote! Walifikiri kila mmoja peke yake, kama mtu anayepika usiku na kula gizani, na asubuhi kila mmoja akashangaa kuona jirani naye ameshiba.

Kufikiri kwa namna hiyo kuna hasara yake. Mbunge aliyechaguliwa na watu wasiozungumza anakwenda Dodoma bila maagizo. Anakuwa hodari wa kusema, naye Bungara hakuna asiyejua alivyokuwa akilichangamsha Bunge, lakini nyuma yake kijiwe hakimtumi, hakimuulizi, wala hakimsahihishi. Na upepo ukigeuka, kama ulivyogeuka 2020 viti vya Kilwa viliporudi CCM, hakuna anayekaa na mwenzake kuuliza nini kimetokea. Kila mtu anarudi jikoni kwake gizani.

Hofu ipo, na ina umri na tarehe zake. Mei 2013 watu wa Mtwara walipopinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, nyumba zilichomwa, watu walikufa, askari wakajazwa mitaani. Sisi Kilwa tulikuwa na gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam 2004, na tulikuwa na maswali yaleyale: kisiwa kinachowasha taa za Ubungo kinapata nini, na ule ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri umejenga zahanati ipi? Baada ya Mtwara, swali la gesi likaanza kuulizwa huku mtu akitazama nyuma. Ikaja 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, mpaka Rais Samia alipoifungulia Januari 3, 2023. Fikirieni mtoto aliyekuwa na miaka 12 zuio lilipoanza. Lilipoondolewa ana 18 au 19. Miaka yake yote ya kupevuka, nje ya msimu wa kampeni, ilikuwa nadra kwake kusimama uwanjani akamsikia mtu wa upinzani akisema hadharani na mtu wa serikali akimjibu. Kijana huyo ndiye aliyepiga kura yake ya kwanza Oktoba 29, 2025, na jioni yake intaneti haipo, Dar es Salaam kuna amri ya kutotoka nje, na baada ya hapo habari za vifo zikaanza kupita kwa mdomo, mtu akiziba kinywa kwa mkono. Kijana huyu akiniambia anaogopa, simsonyi. Anajua anachokiogopa.

Ninaowasonya ni sisi watu wazima tunaoichukua hofu tukaivika kilemba cha heshima. Maana mbele ya dola mtu ana haki ya kuogopa. Lakini mbele ya jirani yake, anayepishana naye msikitini na kuchangiana naye ada za watoto, anaogopa nini? Hapo ndipo wazee wetu wananijibu kwa neno moja zito: kuzikana.

Hili nalijadili taratibu kwa sababu lina ukweli. Mtu wa mwambao akifa, anayechimba kaburi si mwanachama wa chama, ni jirani. Anayeosha maiti, anayebeba jeneza kwa zamu akipokezana bega, anayepika ubwabwa wa matanga, ni walewale wa kijiweni na wa kikundi cha kina mama. Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa vimeandika kwenye katiba zao kwamba kikundi hiki si cha kisiasa. Ndiyo maana kwenye makundi ya ukoo ya simu msimamizi anaandika kwa herufi kubwa: siasa hapana. Wameona yaliyotokea Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa 1995, na zaidi baada ya damu ya waandamanaji ya Januari 2001, Unguja na Pemba kulikuwa na watu walioacha kuzikana kwa sababu huyu CCM na huyu CUF. Waliacha kununua kwenye duka la jirani. Ndoa zikavunjika. Mzee wangu wa drafti anapenda kulisimulia hilo, akimaliza anauliza: "Umeona siasa ilivyo?"

Babu, kwa heshima zako zote, umesimulia nusu. Kilichowarudisha Wazanzibari kwenye maziko ya wenzao hakikuwa kunyamaza. Novemba 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikaa kitako wakazungumza siasa yenyewe, ile chungu. Kisha wananchi wakaulizwa, na Julai 31, 2010 asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Yaliyofuata baadaye yana kisa chake, lakini mwaka ule watu walizikana tena kwa sababu kuna watu walizungumza. Na pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, hata katika miaka mibaya kabisa kahawa ilimiminwa na siasa ikasemwa waziwazi, asubuhi na jioni. Nairobi, bustani ya Jeevanjee, watu wasiojuana wanasimama wakibishana juu ya serikali yao mchana kweupe. Kampala walikuwa na bimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa redioni, mpaka serikali ilipoipiga marufuku 2009. Serikali haijisumbui kupiga marufuku kitu kisicho na nguvu.

Wapo wanaodhani ugonjwa huu ni wa maskini na wa nchi zenye mkono mzito. Nao wanakosea. Marekani, ambako uhuru wa kusema umeandikwa katika katiba yao tangu 1791, watoto wanafundishwa kwamba siasa na dini haviletwi mezani penye wageni. Mwezi Novemba wanapokusanyika kwa sikukuu yao ya kushukuru, wapo ndugu wanaokubaliana kabla ya kula: tusitajiane majina ya wagombea. Mwanasosholojia wao mmoja, Nina Eliasoph, alikaa kwa muda mrefu na watu wa kawaida, wakiwamo wanaojitolea shuleni, wanaharakati na wacheza dansi wa klabu, akatoa kitabu 1998. Alichokiona kinafanana na kijiwe chetu kiasi cha kutisha. Watu walewale waliokuwa na mawazo mapana kuhusu nchi na dunia walipokuwa wawili pembeni, wakisimama mbele ya kikundi walijibana wakasema mambo ya karibu tu: mtoto wangu, shule yetu, mtaa wetu. Mawazo mapana walinong'ona, madogo wakayapazia sauti.

Basi angalieni: mtu mwenye ulinzi wa katiba na mahakama anajifunga mdomo kwa ajili ya adabu, na sisi tunajifunga kwa ajili ya adabu na hofu pamoja. Lakini Mmarekani akinyamaza mezani ana gazeti, ana mahakama, ana mwandishi wa habari anayekwenda kwenye kikao cha halmashauri kwa niaba yake. Sisi kijiwe ndicho gazeti. Kijiwe kikifunga mdomo Kilwa, hakuna mwingine wa kukisemea.

Na gharama yake inapimwa kwa hekta. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilikuja wilayani kwetu kutafuta ardhi ya kulima mbono wa kutoa mafuta ya mitambo. Ikapata takriban hekta 34,000 katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Mwongo ule haujaisha, shughuli zikasimama. Mbono haukuwa dhahabu iliyosemwa. Watu wakabaki na swali: ardhi yetu je? Na kisheria, ardhi ya kijiji ikishahawilishwa ikawa ardhi ya jumla kwa ajili ya mwekezaji, hairudi kijijini yenyewe eti kwa sababu mwekezaji kafunga virago. Mambo ya namna hii ndiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inayoyapitisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya 1982 ni mali ya kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na kadi ya chama hiki, kile, au hana kadi kabisa. Sasa niambieni: mtu aliyezoea miaka thelathini kuambiwa "tuyaache hayo," siku hiyo ya mkutano, mbele ya wageni wenye magari na maofisa wenye mafaili, atapata wapi ulimi wa kusimama na kuuliza, "Bwana, mkataba ukivunjika ardhi inakwenda kwa nani?" Ulimi ni wa kuzoeshwa. Hauamki siku moja.

Ukitaka kuona ulimi uliozoeshwa, nenda Kikole. Kikole na Kisangi, vijiji vya hapahapa Kilwa, vilitenga misitu yao ya kijiji, wakakaa na watu wa uhifadhi wa mpingo, wakabishana mipaka, nani alinde, gogo liuzwe kwa bei gani, na fedha zifanye nini. Mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mpingo ambao zamani ulikuwa ukitolewa usiku kwa bei ya kutupa, ule unaochongwa klarineti huko Ulaya, ukaanza kuingiza fedha kwenye akaunti ya kijiji. Nanjirinji nao wakauza magogo ya msitu wao, kijiji kikapata fedha za maendeleo yake. Na vikao vile vilikuwa vya nini kama si vya nani ana mamlaka, nani anapata, nani anakosa, na nani atawajibika? Walizungumza siasa tupu mchana kutwa, kisha wakaenda kuswali alasiri pamoja. Hakuna kaburi lililokosa mchimbaji Kikole kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nashindwa kukubali kwamba kuzungumza kunabomoa undugu. Kinachobomoa ni kuzungumza bila adabu, na adabu ya mazungumzo ndiyo kitu mwambao huu ulichobarikiwa nacho tele. Hapa tuna utani. Mtani akija msibani anaweza kulala juu ya mkeka wa maiti, akadai deni la marehemu, akamwambia mfiwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa nayo, na watu wanacheka huku machozi yanatoka. Tuna mafumbo. Tuna kanga, ambayo mwanamke akiivaa akapita mbele ya mlango wa mtu, ujumbe umefika na hakuna shahidi. Tuna barabara nzima za kumfikishia mtu ukweli bila kumvunjia uso. Nani alisema barabara hizo zipitishe wivu wa mke mwenza tu, zisipitishe hesabu za halmashauri?

Tena kijiwe kina sheria zake nzuri tukizitumia. Mtu hasemi ya chumbani kwa mwenzake. Anayesema anaachwa amalize, maana kumkatiza mtu mwenye kikombe mkononi ni ufedhuli. Mwenye habari anaulizwa kaipata wapi, na akisema "nimesikia tu" anapewa jicho. Habari ya vyama ikianza kupanda joto, mzee wa kahawa anagonganisha vikombe vyake na kila mtu anajua ashushe sauti. Hizo ni taratibu za bunge kamili. Tunazitumia kwa Simba na Yanga, tena kwa hasira, watu wanasimama mishipa ya shingo imewatoka, na kesho wanapanda ngalawa moja. Hakuna aliyewahi kuniambia hatutazikana kwa sababu ya timu ya Namungo.

Wanawake nao niwataje, kwa sababu kijiwe cha wanaume hujidai ndicho pekee. Kule kwa wauza samaki, na kwa wanaolima mwani na kuokota pweza maji yakitoka, mazungumzo ni makali kuliko yetu. Wanajua bandari ya uvuvi ya hapa Masoko, waziri kasema nini siku gani, na wanauliza jambo ambalo sisi kwenye drafti hatukulifikiria: mwenye ndoo moja ya samaki atapata nafasi ya kukaa humo, au ni ya wenye meli tu? Hilo ni swali la nchi. Lakini likifika kwenye mkutano ambako wanaume wamejaa viti vya mbele, linamezwa, kwa sababu mama kasema ataonekana ana mdomo.

Ndiyo haya niliyoyamwaga kijiweni wiki hii, birika likiwa nusu. Mzee wa drafti hakufurahi. Alisogeza kifuniko chake cha soda, akala kingi changu bila huruma, akasema, "Mwanangu, wewe maneno unayo. Mkutano wa kitongoji ukiitishwa, mapato na matumizi yakisomwa, utasimama?"

"Nitasimama, babu."

"Utauliza nini?"

"Ushuru wa samaki wa robo mwaka, umeingia kiasi gani na umekwenda wapi."

Mama wa samaki alikuwa anapita na beseni lake, akasimama palepale. "Hilo swali langu," akasema. "Ninyi ushuru wa samaki mnaulipa wapi? Risiti zote ninazo mimi, tangu Januari, kwenye mfuko wa rambo. Mimi nitauliza, na ninyi mkae nyuma yangu mseme 'jibu swali la mama.'"

Yule kijana wa bodaboda, maana alikuwa amerudi, akasema yeye atauliza la barabara baada ya hapo. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza mama kama hizo risiti zimepangwa kwa tarehe, kwa sababu mtendaji akidai hazieleweki swali litakufa. Mama akasema hazijapangwa. "Basi zilete kesho baada ya laasiri," mzee akasema, "na mtu aje na peni."